Hubiera Niliyoisikia Kuwa Haya

Haipiti wiki mbili bila kijana kunijia hapa nyumbani Moshi na daftari jipya, akiomba nimfundishe Kihispania cha haraka, cha kupandia mlima. Anataka salamu, namba, "tembea polepole", "kunywa maji", "kichwa kinauma?" Nampa. Ni haki yake, kazi inamsubiri. Lakini kabla hajafunga daftari humwambia akae kidogo, nimwandikie vitenzi viwili vya ziada. Wengi hukunja uso. Mmoja aliniambia mwezi uliopita, "Bibi, hivyo vya kutamani na kujuta watalii hawavitumii."

Wanavitumia, mwanangu. Huvitumia pale mambo yanapokwenda vibaya, na wewe ndiye utakayekuwa umesimama mbele yao.

Mimi naitwa Leokadia, na waliosoma kwangu huniita Mwalimu Leo. Nilifundisha Kihispania na ukalimani mjini hapa kuanzia siku zile ruhusa za biashara zilipofunguliwa na kampuni za utalii zikaanza kuota kila mtaa, mpaka magoti yaliponikatalia kusimama ubaoni. Niliwafundisha waongoza watalii wengi. Wengine sasa wana kampuni zao na hunipungia mkono kutoka ndani ya gari. Si habari za hao ninazotaka kuwasimulia.

Kwanza hivyo vitenzi, ili msipotee njiani. Wahispania wana kitenzi kisaidizi, haber, kinachotangulia vitenzi vingine. Kitenzi kinachofuata hakibadiliki. Llegado ni kufika, basi, inabaki llegado. Kinachobadilika ni kile kisaidizi. Ukisema ojalá haya llegado, maana yake hujui kama mtu amefika, lakini unatumaini: natumaini amefika. Ukisema ojalá hubiera llegado, unajua kabisa hakufika, na inakuuma: laiti angalifika. Ojalá ni ile ile, llegado ni ile ile. Habari yote iko kwenye lile neno la katikati, na lile neno hupita upesi sana mdomoni.

Sisi wa huku mlimani tuna kazi zaidi. Kiswahili tumekikuta shuleni, juu ya Kichagga, na tunasema "angefika" kwa yote mawili, lile linaloweza bado kutokea na lile lililokwisha kushindikana. Ile ngali tunaiacha kwenye karatasi ya mtihani. Kwa hiyo sikio letu halikuzoea kuzitenganisha hizi habari mbili. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi: haya isomwe "aya", h yao haitamkwi, lakini mkiiandika mnaiona ni haya yetu ile ya kukubali, mlango bado uko wazi. Na hubiera ina bia ndani yake, ni maneno ya mtu asubuhi baada ya bia, anapokumbuka alichofanya. Walicheka, na waliocheka hawakusahau.

Siyo kwamba hawakukosea. Kijana mmoja wa Kilema alitaka kumwambia mzee wa Kihispania aliyeshuka salama kutoka kileleni, "Nafurahi kwamba umerudi." Akachanganya vuelto na muerto, akamwambia kwa tabasamu pana kwamba anafurahi kwamba amekufa. Mzee alimkumbatia. Darasani tulimwita Muerto mpaka alipomaliza kozi.

Mimi mwenyewe Kihispania sikukisomea chuo. Nilikuwa karani katika zahanati ya misheni upande wa Uru, naandika kadi za wagonjwa, na aliyekuja kuiongoza alikuwa mtawa daktari kutoka Hispania, Sista Amparo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, nikawa mkalimani wake bila kuteuliwa na mtu. Jioni alinifundisha jikoni kwao kwa kitabu cha sarufi kilichopoteza jalada. Haya alinifundisha kwa kitabu. Hubiera sikuisoma popote. Niliisikia kwake kando ya vitanda. Mama akiletwa amechelewa, mtoto akishindikana kuokolewa, Sista alikuwa akikunja mikono ya joho lake na kusema taratibu, "Si hubiera venido ayer." Kama angalikuja jana. Nilijua maana yake kwa uso wake kabla sijajua kuichambua. Ndiyo maana siwezi kujitetea kwamba sikufundishwa.

Alikuwa na tabia moja ambayo sikuiiga. Akiwa hajaelewa neno la mgonjwa, hata mara ya nne, alisema, "Leokadia, sijaelewa, muulize tena." Daktari mzima, mbele ya watu. Mimi kijana nilimwonea aibu.

Alipoondoka kurudi kwao nikashuka mjini. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, vijana waliacha mibuni ya baba zao wakaenda kubeba mizigo mlimani, na waliokuwa na akili walitaka kutoka kwenye upagazi wawe waongozaji. Lugha ndiyo ilikuwa ngazi. Mzee Karim, Muismailia aliyekuwa na duka la madaftari karibu na soko, alinipa chumba cha nyuma. Alikuwa anasikiliza masomo kupitia pazia. Siku moja akaingia na kikombe chake cha chai akauliza, "Hiyo ojalá mnayoimba humo, siyo Mwenyezi Mungu huyo nimemsikia ndani?" Nikamwambia ndiyo, wameichukua kwa Waarabu. Akasema, "Basi itamkeni kwa adabu," akarudi dukani.

Katika darasa hilo ndimo alimokuwemo Deogratias Temba. Deo alikuwa na miaka ishirini na saba, mtaratibu, amebeba mizigo miaka mingi kabla ya kupata leseni. Alikuwa na sikio ambalo sijakutana nalo tena. Aliwasikiliza watalii kwa makini mpaka akajua nani ametoka kaskazini ya Hispania na nani kusini. Kwa mwaka mmoja na nusu alinikaribia, na mwaka wa pili alinipita. Nilijua amenipita, na sikufurahi.

Siku moja niliandika ubaoni sentensi ya kutumia hubiera, ya mtu aliyeachwa na treni, nikaikosea, nikaweka haya. Deo akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani, nadhani hapo ni hubiera, kwa sababu treni ilishaondoka." Alikuwa sahihi, hata mimi niliona. Lakini walikuwepo watu kumi na wanne, na wawili kati yao walishaanza kutabasamu. Nikamwambia, "Deo, ukishakuwa na darasa lako utaandika unavyotaka. Hapa kaa chini." Akakaa. Sikuifuta ile sentensi. Wote waliinakili vile vile. Hakuninyooshea mkono tena kunisahihisha, nami niliona darasa limetulia, nikadhani ndiyo nidhamu.

Sasa niwaeleze ya getini.

Deo alikuwa kiongozi wa msafara wa Wahispania wawili, mume na mke, njia ya Marangu. Kwenye kibanda cha juu kabisa, kati ya vile wanavyolala wapandaji, mume alianza kutapika na kupumua kwa shida, na alfajiri wakaamua kumshusha kwa machela. Deo na vijana wenye nguvu walimkimbiza mbele, kwa sababu ugonjwa ule wa mwinuko dawa yake ni kushuka. Mke alifuata nyuma kwa mwendo wake, na mpagazi mmoja akabaki naye kumbebea begi. Mpagazi huyo aliitwa Severini, mtoto wa pekee wa mama mmoja mjane wa Uru.

Meneja wa kampuni alinipigia simu dukani kwa Mzee Karim: kuna mgonjwa, twende nikamkalimanie hospitali. Nikapanda gari lao mpaka getini Marangu. Machela ilifika saa nane mchana. Mgonjwa alikuwa wa rangi ya majivu. Tulimngoja mke, kwa sababu mgonjwa hakukubali kuondoka bila yeye. Saa kumi akatokea kwenye njia, peke yake, amelowa, bila begi.

Aliongea huku akilia. Alikuwa mtu wa kusini, wa kumeza miisho ya maneno, na Kihispania changu kilikuwa cha Sista Amparo, cha kaskazini, kila silabi imesimama peke yake. Nilipata kwamba Severini aliumwa njiani, kabla ya kibanda cha kati, akakaa kwenye jiwe, akampungia mkono aendelee. Kwamba pale kibandani mama huyo alijaribu kueleza, na kila mtu alidhani anamuulizia mumewe, wakamwonyesha njia ya chini: ameshapita, ameshateremka. Halafu akasema sentensi ya mwisho, akiwa ameshika mkono wangu: "Ojalá hubiera llegado al refugio, pobrecito."

Laiti angalifika kibandani, maskini.

Ndivyo alivyosema. Mimi nilisikia haya. Au niseme ukweli wote: lile neno la katikati sikulisikia. Nilisikia ojalá, nikasikia llegado, nikasikia kibanda, na katikati nikajaza nilichotaka kiwemo.

Nikamgeukia Deo. "Anasema Severini amefika kibandani."

Deo alikuwa amesimama karibu. "Amesema amefika, Mwalimu, au anatumaini amefika?"

"Anatumaini. Ni yale yale. Wapo watu kibandani, watamhudumia."

Akamwangalia yule mama, akaniangalia mimi. Ndani ya ofisi ya geti kulikuwa na redio ya kuongea na vibanda vya juu. "Muulize tena, Mwalimu," akasema. "Nipige redio au nisipige?"

Dereva alikuwa amewasha gari. Mgonjwa alikuwa anakoroma. Meneja alikuwa anasikiliza. Nikamwambia, "Deo, hapa mkalimani ni nani, ni mimi au ni wewe?"

Akainamisha kichwa. "Ni wewe, Mwalimu." Tukaondoka.

Mume alipona, tuliwahi. Severini aliokotwa kesho yake asubuhi na wapagazi wa msafara mwingine, karibu na lile jiwe. Ilikuwa imenyesha theluji ya maji usiku kucha, na alikuwa amevaa raba. Alipona na yeye, lakini hospitali walimkata vidole vyote vya mguu wa kushoto na vitatu vya kulia. Ukienda Uru utamwona anavyotembea, anatupa miguu kama mtu anayekanyaga nyumba yenye maji.

Wiki ile ile meneja alituita ofisini, mimi na Deo. Aliuliza kwa nini redio haikupigwa. Deo aliinamisha kichwa kama siku ile getini. Meneja akanigeukia: "Mwalimu, yule mama alisema nini?"

Mpaka hapo, vijana, lilikuwa kosa la sikio. Makosa ya sikio humpata kila mkalimani. Usiku mmoja ulikuwa umepita tangu nikumbuke ile sentensi vizuri, nilikuwa nafua nguo na ikanijia yote, na hubiera yake. Nilikuwa najua. Nikamjibu meneja, "Alisema anatumaini kijana amefika. Nami nilitafsiri hivyo hivyo."

Deo alinitazama mara moja tu. Meneja akamwambia kiongozi wa msafara ndiye anayewajibika kwa watu wake, redio ilikuwa hatua tano kutoka aliposimama. Ni kweli, ilikuwa hatua tano. Akamwondoa kazini, na mji ulikuwa mdogo, kampuni nyingine zikasikia. Deo aliaga kwa kunishika mkono. "Haya, Mwalimu." Sikumwona tena kwa miaka minane.

Niliendelea kufundisha. Hilo mlijue, kwamba mtu anaweza kufanya jambo kama hilo na Jumatatu akaingia darasani na chaki. Nilibadilisha vitu vidogo. Nilianza kuwalazimisha wanafunzi wakalimani warudie sentensi ya mgeni kwa Kihispania kabla ya kuitafsiri, mgeni mwenyewe aitikie kwamba ndivyo alivyosema. Ni njia nzuri, itumieni. Niliwafundisha kuuliza swali la ndiyo au hapana baada ya kila ojalá: ¿llegó o no llegó? Alifika au hakufika? Sekunde tatu tu. Waliniuliza nimeyatoa wapi, nikasema ni uzoefu.

Nilipostaafu ndipo kimya changu kilipokuwa kizito. Ukiwa kazini una kelele. Nikauliza Deo yuko wapi, nikaambiwa yuko mji mdogo wa Kwa Sadala, anauza nyanya sokoni. Nikaenda siku ya soko.

Alikuwa nyuma ya meza yake, mvi zimeanza. Akaniona kabla sijamwona. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Deo." Sikujua pa kuanzia, nikaanzia mwisho. "Yule mama alisema hubiera."

Alikuwa anapanga nyanya. Aliendelea kuzipanga. "Najua. Nilimsikia."

"Ulimsikia?"

"Vizuri kabisa. Alikuwa mtu wa kusini. Mimi hao nawasikia."

"Basi mbona hukusema, Deo?"

Akainua uso. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitesa zaidi. "Nilikuuliza mara mbili, Mwalimu. Kuuliza ndiyo ilikuwa namna yangu ya kusema. Ya tatu ingekuwa kukuvunjia heshima mbele ya watu. Nikajiambia labda yeye amesikia ambacho mimi sikukisikia. Ningeingia tu ofisini nikapiga redio bila kukuuliza, yasingetokea. Hata mimi nina langu. Severini hakuwa mtu wako, alikuwa mtu wangu."

Nikamwambia yaliyokuwa yangu ayaache kwangu, na kwamba nitamtafuta meneja nieleze. Akasema meneja alishahama, kampuni ilishakufa, na yeye ana wateja wake. Mteja mmoja akaja, akampimia, akamchagulia zilizoiva nusu. Kisha akasema, "Kama unataka kueleza, mtu wa kuelezwa yuko Uru. Mimi nimekwenda kwao mara nyingi, lakini hilo la neno sijawahi kuwaambia. Nilidhani si langu kulisema." Alinisindikiza Jumapili iliyofuata, baada ya misa.

Severini alikuwa shambani kwake, amekaa kwenye kigoda anapogolea matawi ya chini ya mibuni, kwa sababu kusimama muda mrefu hawezi. Mama yake alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Mama Severini alinipokea kama mgeni wa heshima, mwalimu wa mjini, na heshima ile nilitamani kuikataa. Nikaomba Severini aje. Nikawaeleza yote nikiwa nimesimama: lile neno, swali la Deo, redio, na nilichomjibu meneja. Severini alisikiliza huku akikwangua udongo kwenye kisu. Mwishowe akasema, "Nilikuwa naona moshi wa kibandani, Mwalimu. Mpaka giza lilipoingia nilikuwa nauona." Akarudi kwenye kahawa zake.

Mama yake ndiye aliyeniuliza. "Huyo mama wa Kizungu. Hebu nisemee alivyosema, kwa lugha yao."

Nikasema. Ojalá hubiera llegado al refugio, pobrecito. Nilikuwa sijayatamka maneno yale kwa sauti tangu siku ile.

"Na maana yake?"

"Laiti angalifika kibandani, maskini."

Akaweka kisu juu ya ndizi. "Kwa hiyo alijua mwanangu hakufika."

"Alijua."

"Na akawaambia."

"Alituambia. Alilia, akanishika mkono."

Akapangusa utomvu wa ndizi mikononi. Kisha akasema, "Mimi niliambiwa Mzungu alisema amefika. Kwamba alimpita mwanangu pale kwenye jiwe, akashuka, akadanganya ili mume wake awahishwe. Miaka yote hii, kila nikimwona Severini anashuka kwenda mtoni, namtaja yule mama vibaya mbele ya Mungu."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nilikuwa nimehesabu vidole vya Severini na kazi ya Deo. Sikujua kwamba kulikuwa na mtu wa tatu, yule mama wa Kihispania, niliyemsingizia, na huku juu anachukiwa kwa uongo wangu.

Mama Severini hakunitukana. Alisema, "Basi mwandikie. Wewe unajua lugha yao. Mwambie nimeambiwa alichosema, na kwamba nimeacha."

Niliandika barua ile hapo hapo, kwenye daftari la Deo la mauzo, nikamsomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari, na kila mstari nilimuuliza kama ndivyo alivyosema. Aliitikia. Nyumbani nikainakili vizuri. Halafu nikatafuta pa kuipeleka. Orodha za wageni za kampuni ile hakuna anayejua zilikokwenda. Jina la kwanza la yule mama ninalo, la ukoo sikumbuki, mji wao sikuwahi kuuliza. Nimewauliza waongozaji wote ninaowajua, nimewauliza Wahispania wanaopita hapa, wakanionea huruma.

Mwezi wa tatu mwaka huu Mama Severini alinitumia salamu kwa mtu wa Uru, akiuliza kama barua ilifika. Nilipanda mwenyewe kwenda kumjibu. Nilikaa mlangoni pake nikamwambia haijafika, haijaondoka hata kwenye kabati langu, na kwamba sijui iende wapi. Akasema tuingie ndani, mvua ilikuwa inakuja.